Kari ya viazi ya Trinidad (curry aloo) kila nikiipika inatoka na uchungu. Tatizo ni unga, moto au viazi?

#1 Kijiko_Kirefu

Salaam wakuu, naenda moja kwa moja.

Nilipokuwa masomoni Birmingham tulipanga jengo moja na mama mmoja mtu wa Trinidad. Huyo ndiye aliyenionjesha curry aloo. Viazi mviringo tu: hakuna nyama, hakuna nazi, hakuna nyanya. Rojo zito la manjano iliyokolea, pilipili inaanza kidogokidogo halafu inakukamata kooni. Yeye alikuwa anaila asubuhi na sada roti, ule mkate wa bapa unaochomwa kwenye chuma kikavu bila mafuta, ndipo aende kazini.

Sasa nipo Tabata, nimerudi na hamu yangu. Kila nikiipika kuna uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Sizungumzii ukali wa pilipili, huo nautaka. Ni uchungu kama wa kumung'unya kwinini.

Ninavyopika: unga wa kari nauchanganya na maji uwe uji mzito. Mafuta yakipata moto natia saumu na kitunguu, vikibadilika rangi natia jira nzima, halafu ule uji wa kari. Naukaanga mpaka mafuta yajitenge. Naweka viazi vipande, nageuza vishike rangi, chumvi, maji ya moto, pilipili mbuzi nzima juu, nafunika. Vikilainika naponda vichache kwenye ukingo wa sufuria rojo lishike. Mwisho majani ya giligilani, maana shado beni, lile jani lao lenye harufu kama ya giligilani, sijaiona mji huu.

Unga ni wa pakiti, wa dukani. Mwenye nondo ashushe. Wale wa "weka Royco" pitieni mbali.

#2 Kandambili

Weka Royco.

#3 Bwana Sufuria

Mkuu unaunguza, hakuna cha zaidi. Unga wa kari ni viungo vilivyosagwa laini, havina pa kujificha kwenye mafuta ya moto. Manjano ikiungua ni chungu, jira ikiungua ni chungu.

Ule uji unasaidia kwa sababu moja: maji yakiwa bado yamo, joto la unga halipandi sana juu ya nyuzi 100, ni lile la maji kuchemka. Yakikauka tu, unga unabaki peke yake na mafuta ambayo huenda yako nyuzi 180. Hapo una muda mfupi sana. Wengi wanasubiri "mafuta yajitenge" huku jiko la gesi liko juu mpaka mwisho. Punguza moto kabla hujamimina uji, na uwe na maji ya moto pembeni, kikombe kabisa, ya kuzima.

#4 Kungwi Mstaafu

Mwanangu, huyo hapo juu kasema ya kweli ila si yako. Uchungu unaobaki nyuma ya ulimi ni wa UWATU. Geuza pakiti, soma nyuma. Viungo huandikwa kwa wingi wake, kilicho kingi kinatangulia. Ukikuta uwatu uko wa pili au wa tatu, usihangaike na moto. Uwatu ni rahisi, wafanyabiashara wanajazia uzito.

Sisi tuliopikia watu wa harusi tulikuwa tunautia punje za kuhesabu. Ukizidi, sufuria nzima inaonja dawa ya mzazi.

#5 Jiko_la_Scarborough

Niko Toronto, wakwe zangu ni watu wa Chaguanas, Trinidad. Hiki chakula nakijua kwa kukila na kwa kufokewa jikoni.

@Kungwi Mstaafu kwa heshima zote, unga wa kari wa Trinidad nao una uwatu. Kuna giligilani, jira, manjano, uwatu, na nyingi hazina pilipili ndani kabisa kwa sababu ukali unatoka kwenye pilipili mbichi ya kwenye sufuria. Chapa za Chief na Turban ndizo utakazozikuta nyumba nyingi. Kama uwatu peke yake ungekuwa tatizo, kisiwa kizima kingekuwa kinalia.

Nieleze mama mkwe anavyofanya, mlinganishe. Bakuli dogo: unga wa kari vijiko vya chakula viwili vilivyojaa kwa kilo moja ya viazi, saumu iliyopondwa, "green seasoning" kijiko kimoja (shado beni, majani ya vitunguu, thaimu, vimesagwa pamoja), maji kama nusu kikombe. Anakoroga, anaacha likae. Mafuta kwenye sufuria nzito. Uji ukiingia unachemka kwa kelele, mapovu makubwa ya manjano yale ya kung'aa. Yeye haangalii saa, anasikiliza. Mapovu yanakuwa madogo, sauti inashuka, rangi inaingia kahawia, na ukikwangua na mwiko unaona sakafu ya sufuria sekunde moja kabla uji haujarudi. Unakuwa chengachenga, mafuta yamejikusanya pembeni. HAPO ndipo viazi vinaingia, vikiwa na majimaji yake ya kuoshwa, na yale maji ndiyo yanazima unga. Ukichelewa pale umekwisha.

Sasa tofauti na wewe: jira nzima wewe unaitia baada ya kitunguu na saumu. Mpaka ukimaliza na ule uji, jira imekaangwa mara mbili. Yeye jira nzima ni chache sana, zinaingia kwenye mafuta mwanzo na uji unafuata hapohapo. Jira yenyewe hasa inakuja mwisho: imekaangwa kavu, imesagwa, wao wanaiita geera. Kijiko cha chai kimoja, moto umezimwa.

#6 mbatata_zenji

Assalaam alaykum. Nyote mnaizunguka sufuria, hakuna aliyeviuliza viazi vyenyewe.

Mbatata zinazouzwa zikiwa zimeanikwa juani siku nzima zinaingia ukijani chini ya ganda. Ule ukijani wenyewe hauna neno, ni rangi ya majani tu, lakini unakwenda sambamba na sumu inayoitwa solanini. Hiyo ni chungu na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Menya nene, ukiona kijani kata ukitupe pamoja na macho yaliyochipua. Kikiwa kijani kizima, tupa kizima. Hili si la ladha tu, tumbo litakuuma.

La pili: mbatata, manjano, pilipili, halafu bila ya tui? Huyo mama wa Trinidad alikuwa na haraka ya kazi, basi.

#7 Shangi254

Niko Nairobi, nafuatilia hii thread kwa makini kwa sababu niliipika wikendi na yangu haikuwa chungu, ilikuwa uji. Waru nyingi hapa sokoni ni Shangi. Inaiva haraka na inapasuka, kugeuka kidogo tu umepata supu. Kwa chipsi na mukimo haina maneno, kwa mchuzi inataka uikate vipande vikubwa na usiikoroge kama umeudhika.

Faida yake ni moja, rojo linashika lenyewe, huhitaji kuponda.

Tafadhali pia mniambie kama nyanya inaruhusiwa. Mimi bila nyanya naona kama sijapika.

#8 Mnyonge wa Kariakoo

Hawa Wahindi wa Trinidad ndio walewale Mwingereza aliowaleta kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Meli moja ikaja huku, nyingine ikaenda kule. Ndiyo maana kari yao na ya kwetu ni kitu kimoja. Usihangaike na unga wa Trinidad mkuu, nenda kwa Muhindi yeyote Kisutu akusagie.

#9 Dakta Uchwara

@Mnyonge wa Kariakoo hapana. Mfumo ni mmoja, wa mikataba, lakini watu si walewale wala miaka si ileile.

Trinidad: meli ya kwanza, Fatel Razack, ilitia nanga Port of Spain tarehe 30 Mei 1845 ikitokea Calcutta, na siku hiyo ni sikukuu ya taifa kule mpaka leo. Mfumo ukafutwa 1917. Kwa miaka hiyo waliingia zaidi ya watu 140,000, wengi wao kutoka Bihar na majimbo ya jirani yake, eneo la lugha ya Bhojpuri, kwenda kukata miwa baada ya utumwa kufutwa.

Reli ya Uganda ilianza 1896. Vibarua takriban 32,000, wengi wao Wapunjabi waliopakiwa Karachi, na wengi wao walirudi kwao kazi ilipoisha. Wenye maduka unaowaona Kisutu asili yao ni Gujarat na Kachchh, walikuja na biashara zao.

Kwa hiyo kari ya Kisutu ina mkono wa Gujarat, ya Chaguanas ina mkono wa Bhojpur uliokaa karibu karne mbili kando ya Venezuela. Ladha haziwezi kuwa moja.

#10 Mnyonge wa Kariakoo

Nimeuliza unga, nimepewa mtihani wa kidato cha sita. Haya mwalimu, na viazi walikwenda navyo kutoka India?

#11 Dakta Uchwara

Viazi asili yake ni milima ya Andes, Peru na Bolivia. Wareno wakavifikisha India. Bhojpur wakavipenda, wakavifanyia kari, halafu wajukuu wakaenda na mapishi hayo Trinidad, kilomita 11 tu kutoka bara la Amerika Kusini vilikotoka. Pilipili nayo ni ya Amerika. Kwenye ile sufuria, vilivyozunguka dunia ni kiazi na pilipili, na sasa vinazunguka tena Tabata.

Trinidad yenyewe joto lake halivipendi viazi mviringo, wanavyokula sehemu kubwa ni vya kuagizwa nje.

#12 Richmond_Hill_Queens

Habari za humu. Dakta asante kwa historia ila usiwasahau shemeji zangu: waliotangulia kufika eneo lile ni wa Guyana, tarehe 5 Mei 1838, meli Whitby na Hesperus. Miaka saba kabla ya hiyo ya Trinidad. Na ndio walioletwa wengi zaidi, karibu 240,000. Mume wangu akisoma hapa "Caribbean ni Trinidad" hatalala.

Kwenye mada: mimi nasema ni SAUMU. Kijiko_Kirefu umeandika mwenyewe, saumu na kitunguu vinatangulia, "vikibadilika rangi" ndipo mengine yanaingia. Saumu ikishakuwa kahawia kisha ikaendelea kukaa kwenye mafuta wakati wote ule uji unakaangika, inageuka mkaa mdogomdogo huuoni kwa sababu ya manjano. Guyana saumu inasagwa inaingia NDANI ya uji wa kari, kama alivyosema Jiko_la_Scarborough wa mama mkwe wake. Maji ya uji yanailinda. Hakuna kitunguu kinachokaangwa kwanza.

Pilipili yao ni wiri wiri, tuduara twekundu kama cheri. Sijaipata popote nje ya maduka ya Waguyana hapa Queens.

#13 Fundi Cherehani

Niko London, Brixton. Naona hakuna anayemtaja Mjamaika hapa, mnamwogopa?

Jamaica wanachoma kari. Unga unaingia MKAVU kwenye mafuta ya moto, unageuzwa mpaka udidimie rangi, hakuna uji wala nini. Thaimu fungu zima, pimento, pilipili ya scotch bonnet, na wengine wanatia tui, kwa hiyo bibie wa Zenji uko na wenzako. Viazi mara nyingi vinasindikiza mbuzi au kuku, lakini nimekula vya peke yake kwa Mjamaika asiyekula nyama, na havikuwa vichungu hata kidogo. Kwa hiyo hii nadharia ya Bwana Sufuria kwamba maji ndiyo yanaokoa, mbona Mjamaika anaunguza makusudi na haoni uchungu?

#14 Bwana Sufuria

@Fundi Cherehani hasubiri dakika tano. Mjamaika anahesabu sekunde, unga ukinukia tu nyama inatumbukia yote na maji yake. Neno "kuchoma" lisikuzuzue, ukiuchoma kweli utautupa.

#15 Jiko_la_Scarborough

Tahadhari kwa atakayenunua vitu kwa kufuata uzi huu: pimento ya Jamaica ni zile punje kavu za kahawia, zina harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja. Pimento ya Trinidad ni pilipili ndefu isiyo kali, ya kutoa harufu tu, inakatwakatwa kwenye green seasoning. Nimeona mtu katia punje vijiko viwili kwenye aloo kwa sababu video ilisema "pimento". Tulikula mkate na siagi.

#16 Kandambili

Nimesoma posti zote. Bado naona Royco inawafaa.

#17 Shangi254

@Kandambili wewe mod akikupata usitutaje.

Kuhusu pilipili: pilipili mbuzi yetu ni sawa na scotch bonnet ama ni binamu? Na inawekwa nzima ama inapasuliwa? Mimi niliiweka nzima ikapasuka yenyewe nikiwa kwa simu. Wageni wa mzee walikula kwa adabu, macho mekundu, wakaomba ruhusa mapema.

#18 Dakta Uchwara

Ni jamii moja, Capsicum chinense, pamoja na habanero. Jina hilo la "kichina" alilibandika Jacquin karne ya 18, na pilipili yenyewe haikuwahi kutoka China, ni ya Amerika. Scotch bonnet iko kati ya 100,000 na 350,000 kwa kipimo cha ukali cha Scoville. Pilipili mbuzi ya Dar harufu ileile ya matunda, umbo linatofautiana.

Nzima yenye kikonyo inatoa harufu na ukali kidogo. Ikipasuka, ukali wote upo kwenye ule utando mweupe wa ndani, unayeyuka kwenye mafuta ya rojo. Usiisukume na mwiko dakika za mwisho, imeshalainika. Na anayeungua asinywe maji, anywe maziwa au mtindi.

#19 Fundi Cherehani

Ukali uko kwenye mbegu, daktari.

#20 Dakta Uchwara

Mbegu zinapakwa na utando zilikoshikia. Zikwangue uzioshe vizuri, uzitafune, urudi hapa utusimulie.

#21 Fundi Cherehani

Sina bima.

#22 Jiko_la_Scarborough

Shukuruni ni scotch bonnet tu. Trinidad ndiko iliko Moruga Scorpion, ambayo Chuo Kikuu cha New Mexico State walipoipima mwaka 2012 kuna matunda yalivuka milioni mbili Scoville. Baba mkwe anayo kwenye chupa ya siki juu ya friji. Watoto wanaruhusiwa kuiangalia.

#23 Kijiko_Kirefu

Wakuu asanteni, nimefanyia kazi, naleta mrejesho.

Pakiti: giligilani, manjano, UWATU, jira, halafu haradali na tangawizi. Kungwi amekaa pale wa tatu, sijui alionaje.

Nikaenda Kisutu nikasagiwa mchanganyiko wangu, giligilani nyingi, jira, manjano, uwatu kiduchu. Saumu nikaiweka ndani ya uji, kitunguu nikakiacha, moto mdogo, viazi vya Njombe visivyo na kijani hata chembe. Geera nikaitia mwisho. Harufu iliyotoka nikajua leo ndiyo leo, jirani alichungulia.

Uchungu umepungua sana. LAKINI UPO. Kidogo, kule nyuma kabisa.

Na la ajabu, mke wangu anasema hasikii uchungu wowote, na hata ile ya mwanzo alidhani nalalamika kwa sababu nimeizoea ya Birmingham. Amekula, akafuta sahani na chapati.

#24 Kungwi Mstaafu

Mlinikatalia uwatu.

#25 Bwana Sufuria

Bi Mkubwa, kabadilisha vitu sita kwa mpigo, huwezi kujua kipi kimefanya kazi. Moto nao kaupunguza.

#26 Richmond_Hill_Queens

Na saumu kaihamisha.

#27 mbatata_zenji

Na mbatata kabadilisha. Hebu niachieni yangu na miye.

#28 Dakta Uchwara

Hapo kwa mke umegusa jambo jingine kabisa. Watu hawalingani kuonja uchungu. Kuna jeni inaitwa TAS2R38: wenye aina moja wanaiona kemikali ya PTC ni chungu vibaya sana, wenye aina nyingine hawaonji kitu. Hiyo haisemi moja kwa moja kuhusu uwatu au manjano, vina kemikali nyingine, ila inawezekana kabisa sufuria moja ikawa chungu kwako na tamu kwake, na nyote mnasema kweli.

#29 Mnyonge wa Kariakoo

Dakta sasa anaingilia ndoa.

Mimi nauliza kitu ambacho wasomi wote mmekiruka: huyu mtu anapikia maji gani? Tabata wengi tunategemea visima. Maji ya kisima ya Dar maeneo mengine yana chumvichumvi, hata chai inayakataa. Birmingham alikuwa anafungua bomba. Mchuzi wa viazi ni maji zaidi ya nusu, hauna nyama wala tui la kufunika.

#30 Kijiko_Kirefu

Duh. Kisima kweli. Ya kunywa tunanunua, ya kupikia tunachota humohumo.

#31 Dakta Uchwara

Mnyonge leo umeamka na nondo. Chumvi za magnesi ni chungu, hilo halina ubishi. Na maji yenye kalsiamu nyingi yanafanya viazi vikawie kulainika, kwa hiyo unavikalisha motoni muda mrefu zaidi. Ila sijui kisima chake kina nini, apike kwa maji ya dukani aone.

#32 Fundi Cherehani

Au sufuria ya alumini. Marehemu bibi alikuwa anasema alumini inachachusha mchuzi.

#33 Bwana Sufuria

Alumini inaathirika na vitu vyenye asidi, ndimu, ukwaju, nyanya. Yeye hana hata kimoja humo.

#34 Shangi254

Speaking of nyanya, hakuna aliyenijibu tangu juzi. Niko hapa na nyanya zangu kwa mkono.

#35 Jiko_la_Scarborough

Samahani @Shangi254. Wapo wanaotia nyanya, hata kule. Lakini tia viazi vikishalainika, vipande vidogo, dakika tano za mwisho. Ukitanguliza nyanya, asidi yake inakaza kiazi, unapika saa nzima kiini bado kinagonga meno. Kwa hiyo Shangi inayopasuka, tena unaweza kuigeuza iwe faida yako, tia nyanya mapema kidogo vipande visisambaratike.

#36 Shangi254

Hiyo nimeibeba. Asante.

#37 Kijiko_Kirefu

Na shado beni nitaitoa wapi? Giligilani inafanana harufu ila inapotea ikipata moto.

#38 Jiko_la_Scarborough

Hiyo inayopotea ndiyo sababu wanapenda shado beni, inavumilia kupikwa. Jina la kitaalamu ni Eryngium foetidum, jani refu lenye meno pembeni. Hapa Toronto mama mkwe asipoipata kwa Watrinidad anakwenda duka la Wavietnamu, wao wanaila sana, wanaiita ngò gai. Jaribu maduka ya vyakula vya Asia huko Masaki au Oysterbay, au agiza mbegu. Inapenda kivuli na unyevu. Mbegu ni ndogo mno, usizifukie, zimwage juu ya udongo.

Usipopata, kata MASHINA ya giligilani, yasage pamoja na saumu, yaingie kwenye uji. Majani weka mwisho kama unavyofanya.

#39 mbatata_zenji

Nimeipika jana nikatia tui. Nimelitia mwishoni, zito, kikombe kimoja tu, moto umeshapungua. Nyumba nzima wameuliza ni kitu gani hiki. Uchungu sikuuona, wala sikuuona kabla ya tui, nilionja. Uzile (jira) nimetumia wa kukaanga kama mlivyosema. Tumekula na mkate wa kumimina kwa sababu hiyo sada roti nani anaisubiri.

@Jiko_la_Scarborough usimwambie mama mkwe.

#40 Jiko_la_Scarborough

Nimeshamsomea. Kauliza kama mkate wa kumimina una sukari. Nikamwambia ndiyo. Kanyamaza, kaenda kumwagilia maua.

#41 Richmond_Hill_Queens

Hahaha! Huyo ni wa kwangu kabisa.

#42 Kungwi Mstaafu

Kijiko_Kirefu, umepika kwa maji ya dukani au bado? Tunasubiri. Na ukipika, unga uwe uleule wa Kisutu, moto uleule, tujue moja.

#43 Kijiko_Kirefu

Jumamosi bi mkubwa, Mungu akipenda. Katikati ya wiki narudi nyumbani usiku. Nitagawa sufuria mbili, moja kisima, moja ya kununua, halafu mke aonje bila kuambiwa ipi ni ipi.

#44 Bwana Sufuria

Na wewe uonje bila kuambiwa. Wewe ndiye mwenye kesi.

#45 Mgeni_Jikoni

Ndiyo nimejiunga leo, msinicheke. Nina kuku nusu kilo na viazi vinne. Naweza kuviunganisha kwa hiyo njia ya uji wa kari, au kuku anataka kitu kingine?

#46 Jiko_la_Scarborough

Karibu. Unaweza, ila hapo ni curry chicken yenye viazi, si curry aloo. Kuku mkate vipande vidogo na mifupa yake, mpake green seasoning na chumvi, alale saa mbili. Uji ukishakuwa chengachenga mtumbukize, mgeuze na mfunike bila kuongeza maji, atatoa yake. Yakikauka tena mgeuze mpaka ashike rangi, ndipo viazi na maji ya moto vifuate. Viazi vikate vikubwa, pilipili nzima, usiguse mwiko hovyo.

#47 Kandambili

Na Royco anaweka saa ngapi?